Mikono ya Mlezi

Katika mashindano ya World Robot Olympiad, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza nchini Singapore mwaka 2004, wanafunzi wawili au watatu huingia kwenye eneo la timu na mwalimu wao hubaki nje. Kwa miaka mingi sharti la kundi kuu la mashindano hayo lilikuwa kali zaidi: timu ilifika na roboti iliyofunguliwa yote, kipande kimoja kimoja, bila karatasi ya maelekezo, na vijana wakaijenga upya pale pale kwa kichwa. Juu ya hapo, asubuhi ya mashindano hutangazwa sharti la ghafla ambalo jana yake hakuna aliyelijua. Hapo ndipo inapojulikana roboti ni ya nani. Timu iliyojenga yenyewe huanza kugawana vipande na kubishana. Timu iliyojengewa humtafuta mwalimu kwa macho.

Sisemi hivyo kuwadharau walimu wanaojenga. Wengi wao ni watu wa moyo. Mwalimu wa fizikia aliyebebeshwa klabu ya roboti juu ya vipindi vyake vyote, mzazi mhandisi anayekuja Jumamosi kwa nauli yake, kijana wa chuo anayejitolea: hakuna hata mmoja anayeingia kwa nia ya kuwanyang'anya watoto kazi. Ila siku zinakwenda, mkuu wa shule amekwisha kutangaza mstarini kwamba shule inakwenda kushindana, mota haizunguki, na yeye anajua fika tatizo liko wapi. Anachukua bisibisi, mara moja tu. Wiki mbili baadaye wanafunzi wamesimama nyuma yake wakimtazama, mmoja kamshikia tochi ya simu.

Ninavyoona mimi, mikono ya mlezi inatakiwa itoke kwenye roboti na iende kwenye yale ambayo mwanafunzi hawezi kuyafikia peke yake: ufunguo wa kabati, ruhusa ya mzazi, fedha ya nauli, namba ya simu ya mtu anayejua, fomu ya chuo. Kwa bahati mbaya, katika shule nyingi mambo huenda kinyume. Mwalimu anashika mashine, na vikwazo vya nje vinaachiwa familia ya mtoto.

Nianze na mashine. Tuseme timu ya wanaoanza ina kigari cha magurudumu mawili yanayoendeshwa, kile cha bei nafuu chenye mota za njano, kinachoendeshwa na bodi ya Arduino na betri za kawaida. Kinatakiwa kwenda mbele sentimita 80, kisimame kwenye mstari mweusi, kigeuke kulia. Mwanafunzi ameandika programu rahisi: washa mota zote mbili kwa sekunde mbili, zima. Asubuhi kigari kinafika mstarini bila kasoro. Saa tisa alasiri, programu ileile, kinasimama vidole vinne kabla ya mstari. Mwanafunzi anaongeza muda kidogo, kinafika. Kesho yake wameweka betri mpya, kigari kinapitiliza na kugonga ukingo wa meza.

“Mwalimu, mota imeharibika.”

Mlezi anajua jibu. Betri zinapochoka volti hushuka, mota huzunguka polepole, na umbali wa sekunde mbili za asubuhi hauwi tena umbali wa sekunde mbili za alasiri. Dawa yake ni kuacha kuhesabu muda na kuanza kuhesabu mizunguko ya gurudumu. Vigari vingi vya aina hiyo huja na kisahani chenye matundu 20 kinachovishwa kwenye ekseli ya mota, na kihisi cha mwanga huhesabu kila tundu linapopita. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 6.5 husafiri karibu sentimita 20.4 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo kila tundu ni takriban sentimita moja ya safari. Sentimita 80 ni matundu kama 78, betri iwe mpya au imechoka. Maelezo yote haya ni ya dakika moja. Mlezi akiyatoa, kigari kitapona leo, na tatizo la aina hiyo likirudi kwa sura nyingine wataitwa watu wazima tena.

“Umejuaje kuwa ni mota?”

Kimya.

“Jana asubuhi kilisimama wapi? Na jioni?”

Hakuna aliyeandika. Basi futi inatolewa mfukoni, mita ya umeme inatafutwa, daftari linafunguliwa na kupigwa mistari: volti upande wa kushoto, umbali upande wa kulia. Wanakiendesha kigari mara nyingi, wanabadilisha betri, wanakiendesha tena. Safu zinapojaa, mmoja wao, mara nyingi yule mkimya, anaona namba za pande mbili zinashuka pamoja. Hapo hata kabla ya kuambiwa habari ya matundu 20, tayari ana kitu kikubwa kuliko jibu: anajua kuwa mashine haisemi uongo na kwamba ukiipima itakwambia. Kipindi kizima kimepita, hakuna kilichojengwa, na hicho ndicho kipindi chenye thamani kuliko vyote katika muhula. Kinahitaji mlezi aliyejiandaa, aliyekijaribu kigari nyumbani, anayejua swali lipi litafungua na lipi litafunga. Kujenga mwenyewe kungekuwa rahisi zaidi kwake.

Waandaaji wa mashindano wamelitafakari suala hili kwa namna tofauti. Mashindano ya VEX yana sera iliyoandikwa kwamba watu wazima wafundishe na kuelekeza, lakini wasijenge roboti wala wasiiandikie programu. Mashindano makubwa ya sekondari ya taasisi ya FIRST ya Marekani yalichukua njia nyingine. FIRST ilianzishwa mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen, na mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule mjini Manchester, New Hampshire, yakiwa na timu 28. Pale wahandisi wa viwandani hufanya kazi bega kwa bega na wanafunzi kwenye roboti inayoweza kuzidi kilo 50, kwa hoja kwamba kijana akimwona mtaalamu akifikiri, akikosea na kurekebisha, atajiona na yeye katika kazi hiyo. Hoja hiyo ina uzito. Aliyeifikisha mbali alikuwa Woodie Flowers, profesa wa chuo kikuu cha MIT, ambaye tangu miaka ya 1970 alikuwa akiwapa wanafunzi wake sanduku la vipande vya kila aina wajenge mashine za kushindana, huku akiwataka wasaidiane hata na wapinzani. Tangu mwaka 1996 FIRST hutoa tuzo kwa jina lake kwa walezi bora, na wanaoandika mapendekezo ya nani apewe ni wanafunzi wenyewe. Utaratibu huo naupenda kuliko tuzo yenyewe: anayejua kama alifundishwa au alifanyiwa ni yule aliyekuwa pale mezani.

Lakini njia ya Marekani inadai kuwe na viwanda vinavyoweza kuazima wahandisi wake jioni. Shule ya kata au shule ya kaunti haina kiwanda jirani. Ina mafundi. Mtaa wa pili kuna anayefungua simu na kubadilisha kioo, kuna anayechomelea mageti, kuna anayesuka upya koili za mota za pampu. Watu hawa wanajua kulehemu waya bila kuunguza bodi, wanajua bolti ipi italegea kwa mtetemo na jinsi ya kuizuia, na wengi hawajawahi kuitwa shuleni kwa lolote isipokuwa kutengeneza kitasa. Mlezi mwenye akili huwaita. Fundi akija mchana mmoja kuonyesha namna ya kushika chuma cha kulehemu, wanafunzi hupata ufundi ambao hakuna video itakayowapa, na fundi naye huondoka akijua kuwa maarifa yake yana heshima ndani ya uzio wa shule. Sharti liwe lilelile: aonyeshe kwenye kipande cha mazoezi, kisha chuma kirudi mkononi mwa mwanafunzi.

Mfano mkubwa kuliko yote ninayoijua ya ulezi wa namna hii unatoka Phoenix, jimbo la Arizona. Mwaka 2004 shule ya sekondari ya Carl Hayden, shule ya watoto wa familia maskini upande wa magharibi wa mji huo, ilipeleka timu kwenye mashindano ya roboti za chini ya maji ya MATE, yaliyofanyika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Vijana walikuwa wanne: Oscar Vazquez, Cristian Arcega, Lorenzo Santillan na Luis Aranda, wote wazaliwa wa Mexico walioishi Marekani bila vibali. Walimu walikuwa wawili, Fredi Lajvardi na Allan Cameron. Filamu iliyotengenezwa baadaye iliwaunganisha wakawa mtu mmoja, na kwa kufanya hivyo ikaficha jambo la maana, kwamba ulezi wa aina hiyo ulikuwa mzigo wa watu wawili waliopokezana.

Walimu hao hawakuwa wataalamu wa roboti za majini. Walichofanya ni kuwaandikisha vijana kwenye daraja la vyuo vikuu badala ya la sekondari, kwa hesabu kwamba kushindwa na vyuo hakuna aibu. Walisaidia kutafuta fedha na mahali pa kufanyia majaribio. Maswali ya kitaalamu waliyarudisha kwa vijana, nao wakapiga simu wenyewe kwa watu wa viwandani, akiwemo mtaalamu wa vipimajoto aliyekaa kuwaelekeza. Roboti yao ilijengwa kwa mabomba ya plastiki na kugharimu takriban dola 800. Gundi ya mabomba ilinuka sana, wakaipa jina la Stinky, yaani yenye kunuka.

Walipoiingiza kwenye bwawa la Santa Barbara kwa majaribio, mkoba uliobeba betri na vifaa vya umeme ukavuja. Viungo vya waya vilihitaji kulehemiwa upya usiku ule, na maji yalihitaji kitu cha kuyanyonya kabla hayajafika kwenye bodi. Lorenzo ndiye aliyewaza tamponi, zile pamba wanazotumia wanawake wakati wa hedhi, akaenda dukani na kumuuliza mama mmoja asiyemjua ni zipi zinazonyonya zaidi. Mlezi anayejenga mwenyewe asingepata suluhisho hilo, kwa sababu tatizo lingekuwa lake na kijana yule angekuwa ameshika tochi.

Siku ya kuhojiwa, majaji walitaka kujua kwa nini timu haikuleta maonyesho ya slaidi kama wengine. Jibu la vijana, kwa ufupi wake, lilikuwa kwamba slaidi ni za mtu asiyejua la kusema. Jibu la namna hiyo hutoka kwa mtu anayeijua kila skrubu ya mashine yake. Walitunukiwa tuzo ya ubunifu wa muundo, wakatunukiwa tuzo ya uandishi wa kitaalamu, kisha wakatangazwa washindi wa jumla wa daraja la vyuo, mbele ya timu ya MIT yenye wanafunzi 12 na ufadhili wa ExxonMobil.

Habari hii husimuliwa mara nyingi ikaishia hapo, kwenye makofi. Ndiyo maana wengi hawaijui nusu yake ya pili. Mwaka 2006 wapiga kura wa Arizona walipitisha sheria iliyowalazimu wanafunzi wasio na vibali kulipa ada ya wakazi wa nje ya jimbo. Cristian, aliyekuwa amejiunga na Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, hakuweza kuendelea. Lorenzo na Luis waliingia kwenye upishi. Oscar alihitimu uhandisi wa mitambo mwaka 2009, akarudi Mexico kwa hiari ili aombe viza kwa njia halali, akazuiwa kurejea, na ikabidi seneta Dick Durbin aingilie kati ndipo akaruhusiwa mwaka uliofuata. Kisha akajiunga na jeshi la Marekani na kupelekwa Afghanistan. Vijana wanne walioshinda chuo bora cha uhandisi duniani, na ni mmoja tu aliyepata shahada ya uhandisi. Ushindi haukubadilisha karatasi zao.

Suala hilo la vibali limewagusa na vijana wa nchi nyingine, wakiwemo wa kwetu. Julai 2017, mashindano ya kwanza ya FIRST Global yalikutanisha Washington timu za mataifa zaidi ya 150. Wasichana wa Herat, Afghanistan, walinyimwa viza mara mbili na kuruhusiwa dakika za mwisho. Vijana sita wa Burundi walifika, wakashindana, kisha wakatoweka mashindano yalipokwisha, na polisi wakasema wawili kati yao walionekana wakivuka kuingia Kanada. Nchi yao ilikuwa katika mgogoro tangu 2015. Magazeti yaliandika habari ile kama fumbo la polisi. Mimi naiona kama sehemu ya hesabu ambayo kila anayelea timu lazima aipige kabla ya safari: hawa ni watoto wa watu, wana maisha na hofu ambazo hazionekani kwenye meza ya roboti, na mlezi anayejua mota zao tu bila kujua nyumbani kwao kukoje hajawajua. Siwahukumu wale sita. Ninajiuliza ni mtu mzima yupi walikuwa naye ambaye wangeweza kumwambia.

Nirudi shuleni, kwenye kabati. Seti za roboti hufika kwa msaada, hupigwa picha siku ya makabidhiano, halafu hufungiwa kwenye ofisi ya mkuu kwa sababu ni mali ya thamani. Mkuu ana haki ya kuogopa, maana kipande kikipotea atatakiwa kueleza, na seti nyingine hata kampuni iliyozitengeneza imeacha kuziuza, kama Lego ilivyoacha EV3 mwaka 2021. Lakini kifaa cha kufunguliwa mara moja kwa muhula hakimfundishi mtu. Mlezi anayepigania timu yake huanza kwa kupigania ufunguo: anaandika orodha ya vipande, anaweka sahihi yake, anawagawia wanafunzi zamu ya kuhesabu kila wanapofunga. Ni kazi ya ukarani, haina sifa, na bila hiyo hakuna roboti.

Wakishafungua kabati, atazame nani ameshika nini. Timu ya mchanganyiko ikiachwa ijipange yenyewe, mara nyingi kompyuta huishia mapajani mwa mvulana mmoja, na wasichana hupewa bango, hotuba na kuandika daftari kwa kuwa “wana mwandiko mzuri”. Hakuna aliyeamua hivyo kwa sauti. Mlezi asiyepanga zamu ameruhusu hali hiyo, na msichana aliyekuja kwa ajili ya mota atatoka anajua kupaka rangi bango. Zamu iandikwe ukutani: leo fulani anaandika programu, fulani anafunga nati, wiki ijayo wanabadilishana, hata kama yule mvulana ana kasi zaidi. Kasi yake atumie kumwelekeza mwenzake bila kugusa kibodi, na hapo atagundua mwenyewe ni mangapi alikuwa akiyafanya bila kuyaelewa.

Wazazi nao wanahitaji muda wa mlezi. Mama anayeona mwanawe wa kidato cha nne anarudi saa kumi na mbili jioni, mtihani wa taifa uko mbele, ana sababu ya kuuliza. Kumwambia kuwa teknolojia ndiyo kesho hakumsaidii. Kinachomsaidia ni kuonyeshwa daftari: hii hapa hesabu ya mzingo wa gurudumu, hii hapa grafu ya volti na umbali, mada zilezile anazosoma darasani. Na mlezi awe tayari kumpumzisha mtoto miezi ya mwisho kabla ya mtihani, hata kama ndiye dereva bora wa timu.

Baada ya mtihani ndipo vijana wengi hupotea. Aliyepata alama za wastani, mikono yake ikiwa imekwisha kujua kulehemu na kichwa chake kimekwisha kuzoea kupima, hukaa nyumbani akiamini kwamba bila kidato cha tano njia imefungwa. Ulezi hauishii kwenye mashindano: Carl Hayden waliendelea kulea, na mwaka 2008 timu yao ilipewa tuzo ya juu kabisa ya FIRST, ambayo haitolewi kwa roboti bora bali kwa timu iliyobadilisha watu wanaoizunguka. Kwetu ulezi huo huanza na mambo ya kawaida sana. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, huwapokea waliomaliza kidato cha nne wenye ufaulu wa masomo ya sayansi kusoma stashahada ya uhandisi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, ina kozi za umeme na elektroniki. Kenya ina vyuo vya ufundi vinavyopokea waliomaliza sekondari bila alama za chuo kikuu. Mwanafunzi wa kijijini anaweza asisikie hata moja ya habari hizo hadi dirisha la maombi lifungwe. Mlezi anayejua tarehe hizo, akampigia simu, akamwambia, “Mwanangu, njoo na cheti chako na lile daftari la timu, tukae tujaze fomu,” bado yuko kazini.